Mto Uliopandishwa Tunduma

Ngolo alifika kwenye mto Nantula mwezi wa tisa mwaka 2007, akitembea nyuma ya ng'ombe wa mume wake, sufuria mbili kichwani, na binti yake Happy ameshika ncha ya kanga yake. Walikuwa wametoka bonde la Usangu, ambako wafugaji waliambiwa waondoke. Kabla ya Usangu walikuwa wametoka Usukumani, ambako malisho yalikwisha. Safari hii ilikuwa ya nne tangu aolewe, na alikuwa amechoka kuhama kuliko alivyochoka kutembea.

Mto ulikuwa mkavu. Luhende, mumewe, aliutazama mchanga ule uliolala kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, akatema mate pembeni.

"Hapa hakuna kitu. Twende mbele."

"Ngoja kwanza," alisema Ngolo.

Akavua ndala. Alitembea katikati ya mto polepole, akapita mahali pa kwanza, akapita pa pili, kisha akasimama kwenye kona, pale mto unapogonga mwamba na kugeuka. Akapiga magoti akachimba kwa bakuli. Mkono haujazama hata kufika kiwiko, mchanga ukabadilika rangi ukawa mweusi, na maji yakaanza kujikusanya taratibu, meupe, kama yamechujwa kwa kitambaa. Ndama wakayanusa wakaja wenyewe.

"Mimi hapa ndipo nilipofika," alimwambia mumewe. "Wewe ukitaka kwenda mbele, nenda."

Luhende alicheka. Wakabaki.

Mtu asiyeijua mito ya bonde la Momba huona mchanga tu na kudhani mto umekufa. Kumbe wakati wa kiangazi mto wa namna hiyo umelala. Mvua ya masika imeingia ndani ya mchanga ikajificha humo, jua haliifikii, ng'ombe hawaichafui, na mwenye kujua mahali pa kuchimba anakunywa hadi mvua nyingine. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mmoja Mnyamwanga aitwaye Efraimu Silwimba, aliwapa eneo ng'ambo ya mto kwa sababu wenyeji hawakulitaka. Lilikuwa mbali na barabara na mbali na shule. Ngolo hakulalamika. Alikuwa na kona yake ya maji, na kwa miaka mitatu hakuna aliyemuuliza habari zake.

Lori la kwanza lilikuja mwaka 2010. Lilisimama ukingoni, akashuka dereva mwembamba mwenye kofia ya kufuma, akaomba maji ya kunywa. Jina lake lilikuwa Abdulrahim, mtu wa Tanga aliyehamia Tunduma, mji wa mpakani kule juu mlimani, na lori lilikuwa lake mwenyewe. Ngolo alimchotea kutoka shimoni. Alipomaliza kunywa, yule bwana alichota mchanga kiganjani, akaufikicha karibu na sikio kama mtu anayesikiliza saa, akatabasamu.

"Mama, unajua mlichokalia hapa?"

"Tumekalia maji," alisema Ngolo.

"Mchanga huu hauna udongo hata chembe. Tunduma kila mtu anajenga, gesti, maghala, vituo vya mafuta, na mchanga hakuna. Vijito vya mjini vimekwisha. Pale Mlowo wamechimba hadi wamefika kwenye udongo wa mfinyanzi. Hasamba na Isansa wameweka vizuizi, maana kingo zinabomoka zinakula mashamba ya kahawa ya watu. Sasa mafundi wanakwangua udongo mwekundu, wanachanganya na saruji, ukuta unapasuka haujapakwa hata rangi."

Ngolo alicheka hadi akashika mbavu. Mtu anunue mchanga? Apande mlima siku nzima na mchanga? Alimwona yule bwana kama mtu mwema aliyechomwa na jua.

Mwaka uliofuata hakucheka. Yalikuja malori mawili, halafu matano, halafu ikawa kila siku yanapishana njiani. Vijana wa kijijini walipata kazi ya kupakia kwa chepe. Kiongozi wao alikuwa Hezron, baba wa watoto watatu, mtu mwenye mabega mapana na sauti ya kwaya, ambaye miaka yote aliishi kwa kulima mtama usiotosha. Sasa aliezeka nyumba yake kwa bati. Kijiji nacho kilitoza ushuru kwa kila lori, na kwa ushuru ule wakaanza kujenga madarasa mawili ya sekondari ya kata.

Na Ngolo mwenyewe hakuwa nje ya mambo haya, asije mtu akadhani vinginevyo. Lori likinasa mchangani, ng'ombe wa Luhende ndio waliofungwa nira kulivuta. Kwa kazi hiyo walipata bati za nyumba yao na sare za shule za Happy. Ngolo alizipiga pasi sare zile kwa mkono wake. Alikuwa akijua zimetoka wapi.

Maji yakaanza kushuka. Mwaka wa kwanza alichimba hadi kiwiko. Mwaka wa pili hadi kwapa. Mwaka wa tatu aliingia shimoni mwenyewe, akasimama ndani, kichwa tu kikaonekana. Mchanga uliokuwa ukiyafunika maji ulikuwa umepanda mlima, na mvua ilipokuja haikukuta pa kujificha. Ilipita mbio kwa siku mbili ikaishia ziwa Rukwa.

Alimwendea mwenyekiti.

"Baba Mwenyekiti, mto unakwisha. Waambie wachimbe kule chini, waniachie kona hii tu."

Efraimu alimkaribisha kiti, akamsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama Makene," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "darasa analosomea binti yako limejengwa kwa mchanga huo. Nikiwazuia, wazazi wataniuliza la pili litaezekwa kwa ushuru gani. Halafu, samahani kusema, ninyi ni watu wa kuhama. Wenzako watasema, kama maji hayatoshi, si wahame?"

"Tuhamie wapi?"

Kaskazini kulikuwa na ziwa Rukwa na pori la akiba. Magharibi Zambia. Kusini mlima, na juu yake mashamba ya kahawa ya Wanyiha, yasiyo na nafasi ya kwato. Mashariki ndiko walikofukuzwa.

Kiangazi cha 2013 ng'ombe walianza kulala wasiamke. Luhende na Makene, aliyekuwa mtu mzima sasa, wakaamua kuwapeleka kando ya ziwa wakajaribu bahati. Luhende alitaka waende wote.

"Happy ana mtihani wa kidato cha nne mwezi wa kumi na moja," alisema Ngolo. "Mtoto wa kwanza wa nyumba hii kufika huko. Nani atampikia?"

"Basi mwachie shangazi yeyote."

"Shangazi gani, Luhende? Hapa tuna shangazi?"

Wanaume wakaondoka alfajiri na mifugo. Walimwachia ng'ombe wawili wa maziwa na ndama mmoja.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba Jumanne moja ya mwezi wa kumi Ngolo alikuwa peke yake kwenye kona ya mto. Happy alikuwa shule. Shimo la maji lilikuwa limefika kina cha watu wawili, mmoja amesimama mabegani mwa mwenzake. Alikuwa amechonga vidato ubavuni vya kushukia. Aliteremka na bakuli na dumu, akainama, akaanza kukwangua chini akisubiri maji yajikusanye.

Juu, lori lililojaa lilipita ukingoni. Ardhi ikatetemeka kidogo, kama ilivyotetemeka kila siku.

Hakusikia kishindo. Alichosikia ni sauti kama ya mtu anayemimina mahindi kutoka kwenye gunia. Alipoinua uso, ukuta wa upande mmoja ulikuwa ukishuka, laini kabisa. Alijaribu kukimbilia vidato. Mguu wa kulia ulibaki chini ya dumu, mchanga ukamfika magotini, ukamfika kiunoni, na kabla hajamaliza kusema "Mungu wangu" ulikuwa umembana kifuani. Ukasimama hapo. Mikono ilikuwa nje. Kichwa kilikuwa nje. Kilichobaki hakikuwa chake tena.

Alipiga kelele hadi koo likakauka. Shimo liliimeza sauti ikaishia humo humo. Alisikia malori, alisikia chepe zikikwaruza, alisikia hata watu wakicheka mahali fulani upande wa chini, na hakuna aliyemsikia yeye. Akajaribu kuufukua mchanga kwa vidole. Kila alipotoa konzi moja, mbili zilirudi. Jambo la kutisha zaidi aliligundua polepole: kila alipotoa pumzi, kifua kikipungua, mchanga ulijaza ile nafasi, na alipotaka kuvuta tena haukumrudishia. Akajifunza kupumua kidogo kidogo, kwa juu juu, kama mtoto mwenye homa.

Jua likapanda likasimama juu ya shimo. Ulimi uligeuka gome. Na wakati huohuo, chini, kwenye nyayo asizoweza kuzisogeza, alihisi ubaridi. Maji yalikuwa yamekuja. Yalimzunguka vifundo vya miguu, maji yaleyale aliyoyafuata, na yeye hapa juu midomo inapasuka kwa kiu.

Ndama alikuja ukingoni kumtafuta. Kwato zake zikaangusha mchanga ukamwingia Ngolo machoni. "Shii! Ondoka!" alimnong'oneza, kwa sababu hakuwa na pumzi ya kupiga kelele. Ndama akasimama pale pale akimtazama. Aliondoka baada ya muda mrefu, kwa hiari yake.

Aliwaza nini? Baadaye watu walimuuliza, wakitarajia aseme alisali. Alisali, ndiyo. Lakini sehemu kubwa ya ule muda alikuwa na hasira. Alimkasirikia Luhende kwa kwenda, akajikasirikia kwa kubaki, akakasirikia zile bati na zile sare. Alijaribu kutafuta, katika miaka yote sita, siku moja ambayo angeweza kufanya tofauti akaepuka shimo lile. Hakuipata. Kila siku ilikuwa na sababu yake nzuri.

Hezron ndiye aliyemkuta. Wapakiaji nao walikunywa maji ya kona ile, na alasiri alikuja na galoni tupu, akiimba. Akachungulia. Wimbo ukakatika.

"Mayu!" alimwita mama, kwa neno la Kisukuma alilojifunza kwa Luhende. "Mayu, uko hai?"

"Usisogee ukingoni," alisema Ngolo. "Utanimalizia."

Hezron alirudi nyuma, akalala kifudifudi, kisha akapiga ukelele uliofika mashambani. Wakaja wote na chepe zao. Mtu mmoja akaruka kutaka kushuka, Hezron akamshika shati. Abdulrahim alifika akihema, akaangalia shimo kwa sekunde chache tu, akageuka kuwaambia wenzake:

"Ng'oeni mbao za ubavuni mwa lori. Zote."

Wakazishusha zile mbao ndefu kumzunguka Ngolo pande nne, wakazigongelea chini zizuie mchanga, wengine wakipanua shimo kwa juu ili lisimwangukie tena. Hezron akafungwa kamba kiunoni akateremka. Hakutumia chepe, aliogopa kumkata. Alitumia sahani ya bati na mikono.

"Nivute tu," Ngolo alimsihi.

"Nikikuvuta nitakutoa nusu, Mayu. Tulia. Niambie habari za Usukumani."

"Usukumani hakuna habari."

"Basi niambie za ng'ombe."

Akamtajia ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, na Hezron akachota sahani baada ya sahani. Watu wale walikuwa wamechimba mto mzima kwa miaka mitatu. Hakuna kiumbe aliyejua kuhamisha mchanga kuliko wao. Hata hivyo jua lilikuwa limeegemea mlima walipoufikia mguu wa kulia. Ulikuwa umevunjika paja.

Lori la Abdulrahim lilikuwa na mzigo nusu. Kuumwaga kungechelewesha. Wakatandika godoro juu ya mchanga, wakamlaza Ngolo, Happy, aliyekuwa bado shuleni akijisomea, akaitwa akakaa naye akimshika kichwa, wakapanda mlima hadi hospitali. Kila lori lilipobadilisha gia, mchanga ulijisogeza chini ya mgongo wake na yeye akapiga yowe.

Alilala hospitali miezi mitatu, mguu umetundikwa kwa uzito. Nje ya dirisha mafundi walikuwa wakijenga wodi mpya, asubuhi hadi jioni wakichanganya zege. Siku moja alimwomba Happy amletee konzi ya mchanga wa mafundi wale. Akautandaza juu ya shuka. Ulikuwa na vipunje vyeusi vinavyong'aa, kama mbegu za mchicha. Nantula tu ndiko alikoviona vipunje vile.

"Ni wa kwetu," alisema.

"Nikautupe?" aliuliza Happy.

"Ukautupe ili iweje? Warudishie wajenge."

Alirudi kijijini Januari na fimbo. Mguu uliungana lakini ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Happy alikuwa amefanya mtihani wake akitembea kila jioni hadi barabarani kutafuta lori la kumpandisha kwa mama yake, na matokeo yalipotoka hayakutosha kuendelea. Hakuna aliyemlaumu. Alianza kuwapikia wapakiaji wali na maharage, kazi pekee iliyokuwepo.

Mwezi wa tano Luhende alikuja na mkokoteni.

"Nimepata mahali, kando ya ziwa. Si pazuri sana, lakini maji yapo. Panda twende."

Walijaribu. Tangu mchanga uondolewe mvua zilikuwa zimekula kingo, na mahali walipokuwa wakivuka kwa urahisi pakawa na genge refu kuliko mtu. Waliteremka kwa kuzunguka mbali, mkokoteni ukidunda mwambani, na kabla hawajafika kitongoji cha pili Ngolo alikuwa ameuma kanga hadi ikatoboka. Safari ilikuwa ya siku tatu. Luhende alisimamisha ng'ombe, akakaa chini kwenye majani, akalia. Ngolo hakuwahi kumwona akilia, hata Usangu.

"Nirudishe," alimwambia. "Wewe nenda. Ng'ombe hawawezi kuishi huku, na mimi siwezi kufika kule."

Mwezi wa saba uliitishwa mkutano mkuu wa kijiji. Sasa waliolalamika hawakuwa wageni. Bustani za nyanya za Wanyamwanga upande wa chini zilikuwa zimekauka, na wenyewe walikuja na makoleo na maneno makali wakitaka malori yazuiwe. Wapakiaji walikaa upande wao. Kelele zilipozidi, Hezron alisimama.

"Mnasema sisi ni wauaji wa mto. Haya. Aliyetuona kazini kuliko wote ni Mama Makene. Muulizeni yeye sisi ni watu gani."

Watu wote wakageuka. Ngolo alikuwa ameketi pembeni, fimbo mapajani. Aliona jinsi alivyofungwa. Walalamikaji walimtegemea kwa sababu alikuwa wa kwanza kusema. Wapakiaji walimtegemea kwa sababu pumzi aliyokuwa akiivuta pale ilikuwa kazi ya mikono yao. Na kando yao, kwenye sufuria zake, alisimama Happy, aliyekula kwa sababu wao walikula.

Alisimama kwa shida.

"Hezron alinichimba kwa sahani," alisema. "Kutoka alasiri hadi jua linazama. Hata ndugu yangu wa tumbo moja angechoka. Mimi siwezi kumtukana mtu huyu." Wapakiaji wakaanza kupiga makofi. Akainua mkono. "Sijamaliza. Nilipofika hapa maji yalikuwa kwenye kiwiko. Kabla ya malori hakuna mtu aliyefukiwa akichota maji Nantula. Shimo lile walilonitoa, mchanga wake waliuchukua wao. Mambo yote mawili ni kweli, na mimi sina la tatu. Tafuteni ninyi."

Akakaa.

Walibishana hadi mchana ukaisha. Mwisho wakakubaliana kuweka mstari wa mawe: upande wa juu wa mto hakuna lori, upande wa chini wachimbe. Efraimu mwenyewe alibeba jiwe la kwanza. Mstari uliheshimiwa kiangazi kile na nusu ya kilichofuata. Baada ya hapo haukuhitaji hata kuvunjwa. Upande wa chini mchanga uliisha, mwamba ukaonekana, na upande wa juu uliobaki ulikuwa kidogo mno kumvuta mtu kutoka Tunduma. Abdulrahim alikuja kuaga. Alisema wamepata mto mwingine, mbele zaidi, na mafuta ya kufika huko yatawaumiza, lakini mji haungoji. Alimletea Ngolo kanga na mfuko wa sukari. Hezron alimfuata na kikundi chake. Happy naye akaenda na sufuria zake, kwa sababu wanaokula walikuwa wamehama.

Mpaka mwaka 2015 unakwisha Ngolo alikuwa bado ng'ambo ya mto, kwenye nyumba yake ya bati. Luhende huja mara mbili kwa mwaka, baada ya mavuno na wakati wa Krismasi, akamkatia kuni za kutosha, kisha hurudi kwa ng'ombe wake. Maji anayapata kwenye pampu ya mkono iliyofungwa mwaka huo katika uwanja wa sekondari. Huondoka asubuhi na dumu la lita tano, kwa sababu zaidi ya hapo fimbo haimruhusu, na hupanga foleni na wanafunzi. Wanamwamkia vizuri, wakati mwingine wanampisha mbele. Maji ya pampu yana ladha ya chuma. Hapendi ladha hiyo. Huyanywa palepale kwanza, kiganja kimoja, halafu hujaza dumu na kuanza safari ya kurudi.